WAJUE MAJIRANI ZAKO: WAKRISTO SI KUNDI MOJA



Pita mitaa ya Nakuru Jumapili asubuhi uhesabu mwenyewe. Hapa misa ya Kikatoliki, pale ACK, mbele kidogo AIC na PCEA, kisha Wakorino na vilemba vyao vyeupe, na ndani ya hema Wapentekoste na vipaza sauti. Wasabato huwaoni, wao walisali jana. Lakini sisi tukiulizwa hao ni kina nani, tunajibu kwa neno moja: "Wakristo." Basi! Ilhali Surat Aal-Imran, aya ya 113, inatufunza tusiwahukumu Ahlul-Kitab wote hukumu moja.

MATAWI YALITOKA WAPI?

Mfarakano wao ni wa zamani. Mwaka 451 maaskofu walikutana Chalcedon, mahali ambapo leo ni ndani ya Istanbul, wakabishana kuhusu Nabii Isa (A.S.): vipi, kwa itikadi yao, awe Mungu na binadamu kwa pamoja. Kanisa la Misri lilikataa uamuzi wa mkutano ule, na Habasha ikafuata Misri. Zingatia hapo: hiyo ndiyo nchi ya Najashi, mfalme aliyewapa hifadhi Masahaba waliohama Makka mnamo mwaka 615.

Mwaka 1054 Roma na Constantinople zikatengana. Ugomvi mkubwa ulikuwa mamlaka ya Papa. Wakatoliki wanamtambua kuwa mkuu wa kanisa lote. Waorthodoksi hawakubali, wao wana mapatriaki wao, na mtu aliyekwisha kuoa anaweza kuwa padri, jambo ambalo kwa kawaida halipo kwa Wakatoliki tunaowajua hapa. Nchini Kenya, Waorthodoksi walitokana na Waafrika waliojitenga na wamishenari baada ya mzozo wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana. Mwaka 1946 wakakubaliwa chini ya Patriaki wa Alexandria.

Mwaka 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, akaanzisha upinzani uliozaa Waprotestanti. Hao wanasema Biblia pekee ndiyo hakimu. Wakakataa Papa na kuwaomba watakatifu. Hata Biblia zao hazilingani: ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66. Waingereza walijitenga na Papa mwaka 1534 lakini wakabaki na maaskofu. Hao ndio Waanglikana, na ndani yao wako walio karibu na Roma na walio mbali nayo.

WALIFIKAJE HAPA KWETU?

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Nakuru, ikafika Ziwa Victoria 1901. Wamishenari wakaifuata. Wakweka walikita Kaimosi mwaka 1902. Africa Inland Mission, mama wa AIC, ikaweka makao Kijabe 1903, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Wasabato wakaanzia Gendia 1906. Walowezi walipotwaa mashamba ya huku, vibarua walikuja kutoka kila upande, kila mmoja na kanisa la kwao. Ndiyo maana Nakuru ina kila rangi. Waislamu wengi nao walifika na reli hiyo hiyo.

Ukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu utaona kikanisa kidogo kando ya barabara. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, nao walikuwa Wakatoliki. Kutoka Kijabe si mbali, lakini kiitikadi ni safari ndefu.

Wakorino nao hawakuletwa na Mzungu. Walizuka miongoni mwa Wakikuyu miaka ya 1920, na mwaka 1934 polisi wa mkoloni waliwaua watatu wao kwa risasi huko Ndarugu.

UGOMVI WA KIKUYU, 1913

Juni 1913 wamishenari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti, wakitaka kushirikiana. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Meza ya Bwana, na wasiokuwa Waanglikana nao wakashiriki. Kumbe hilo lilikuwa moto! Frank Weston, askofu wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzao, aliwashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa ni wazushi. Kwa Weston, pasipo askofu wa kurithishana hakuna kanisa kamili. Hawakushtakiwa mahakamani, lakini ugomvi ulitikisa hadi Uingereza. Ushirikiano ule ndio baadaye uliozaa Alliance High School mwaka 1926. Wakatoliki hawakuwamo.

Umeona? Kanisa lilelile moja, maaskofu wake hawakukubaliana nani ale meza moja na nani.

SASA SISI TUFANYE NINI?

Kijana anayesimama kwenye mhadhara akamkemea mtu wa AIC kwa kumwomba Bi Maryam anapiga hewa. Wakubwa wa huyo walishalikataa hilo. Mkatoliki naye atakwambia hamwabudu, anamwomba amwombee. Msabato ukimsimanga kwa nguruwe, hali nguruwe! Utakuwa umemsingizia, na kusingizia ni dhulma. Tofauti yetu kubwa nao, Utatu na kusulubiwa, iko palepale, na wengi wao wanaikiri. Izungumze hiyo, kwa hekima.

Wala tusifurahie mafarakano yao. Baada ya bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998, sisi sote tulitazamwa kwa jicho moja, tukaumia. Na Januari 2008 hapa Nakuru, watu waliouana ni majirani, na kanisa moja halikuwazuia. Uadui wa kabila haukuuliza dhehebu.

Basi, Ramadhani hii, peleka sahani ya futari kwa jirani, umuulize swali moja: "Nyinyi Kwaresma mnafunga vipi?" Wengine watakueleza siku arubaini, wengine watasema hawana Kwaresma kabisa. Hapo utakuwa umeanza kumjua.

Allah atupe elimu yenye manufaa na ulimi wa uadilifu. Aamin. Wabillahi tawfiq.