Mwezi Mmoja Darasani: Mtoto wa Bujora na Shule Zake Tatu

1. Utangulizi

Mtoto anapomaliza mwezi wake wa kwanza shuleni, amejifunza nini? Mzazi wa Bujora akiulizwa hivyo atajibu upesi: herufi chache, kuhesabu kidogo, na kukaa kimya. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimtoshi mtumishi wa Kanisa. Katika makala hii ninakusudia kuonyesha kwamba watoto wa Kisukuma wamelelewa na shule tatu katika historia yao, kwamba kila moja iliwapa kitu na kuacha kitu, na kwamba sisi wachungaji tungali na sehemu yetu katika mwezi ule wa masomo.

2. Shule ya shikome

Bujora iko Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini Mwanza, karibu na barabara iendayo Musoma. Huko, katika miaka ya 1950, Padre David Clement wa shirika la Mapadre Weupe, mzaliwa wa Kanada, alianza pamoja na wazee wa Kisukuma kukusanya vyombo na mapokeo ya kabila hilo. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa Makumbusho ya Wasukuma. Mgeni huonyeshwa ngoma za watemi na mambo ya vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu. Lakini kwa mwalimu, jambo la kushangaza kuliko yote ni majina ya namba. Zamani kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia, kutoka moja hadi kumi. Mtu alitambulikana ni wa rika gani kwa kumsikia akihesabu tu.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hesabu haikuwa elimu tupu. Ilimfundisha mtoto yeye ni nani na yu pamoja na nani. Shule yake ilikuwa shikome, yaani moto wa jioni ambapo wazee walikaa na vijana, wakasimulia, wakauliza na kuonya. Kwa hiyo mtoto hakufika kwa mmisionari akiwa ubao mtupu. Alikuwa amekwisha kusoma, ingawa si kitabuni.

3. Shule ya katekista

Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Kwa agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, ukatekumeni ulipaswa kuchukua miaka minne. Waanglikana wa CMS walifanya kazi Nassa, kisha mwaka 1909 kazi hiyo ikapokewa na African Inland Mission. Kanisa letu la Kilutheri lilifika Usukumani baadaye, likakuta njia imekwisha kulimwa.

Katika shule ndogo za vijijini katekista alifundisha sala, nyimbo, herufi na silabi. Serikali ya Kiingereza, baada ya sera yake ya elimu ya 1925, ilitoa ruzuku kwa shule za misioni zilizotimiza masharti, lakini shule hizi za chini ya mti hazikuhesabiwa humo. Hata hivyo ndizo zilizowafungulia wengi Maandiko. Kosa lake lilikuwa kwamba mara nyingi zilidhani shikome ni giza tu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig kule Uchagga, alilipinga wazo hilo mapema alipotaka ukoo, ujirani na rika viwe nguzo za usharika. Clement naye, kwa njia yake, aliukaribisha utamaduni wa Kisukuma hata ndani ya kanisa la Bujora.

4. Shule ya serikali

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misioni zilizopata ruzuku chini ya taifa. Azimio la Musoma la 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa wote, na ada ilipofutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, madarasa ya kwanza yalifurika.

Mtoto wa Bujora katika mwezi wake wa kwanza hujifunza irabu: a, e, i, o, u. Lakini Kisukuma kina irabu saba. Basi mtoto anajifunza pia, bila kuambiwa, kwamba sauti mbili za mama yake hazina mahali ubaoni. Huhesabu kwa vijiti au vizibo vya soda, na namba ni zilezile kwa mtoto wa mkulima, wa mvuvi na wa karani. Hapana budi tukiri kwamba hilo la mwisho ni baraka. Namba za rika ziliunganisha wenzi, lakini pia ziliwafungia wengine mlango. Shule ya taifa imeufungua.

5. Sehemu yetu

Martin Luther, katika waraka wake wa 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alipendekeza wavulana wasome saa moja au mbili kwa siku na muda uliobaki wafanye kazi nyumbani. Wasichana nao wapate saa moja. Hakudharau nyumba. Katekisimu Ndogo ya 1529 aliiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake, kwanza maneno yenyewe, kisha maana yake.

Kanisa halikunyimwa kila kitu mwaka 1969: vipindi vya dini vilibaki. Hapa nina neno la kuungama. Nilipokuwa mchungaji wa usharika, nilikuwa na kipindi kimoja kwa juma. Katika mwezi mmoja nilikosa vitatu kati ya vinne, kwa ajili ya mazishi na vikao. Nilipofika mara ya nne, mtoto mmoja aliniuliza kama mimi ni mgeni. Watoto wale walikuwa wamejifunza jambo kwangu mwezi ule, nalo ni kwamba dini huweza kungoja.

Tunalalamika kwamba shule zetu zilichukuliwa. Lakini nani alituchukulia vile vipindi vitatu?

6. Hitimisho

Ninashauri mambo mawili. Kwanza, katika mwezi mmoja tufundishe jambo moja kwa ukamilifu, kwa mfano Sala ya Bwana, maneno kwanza na maana baadaye. Pili, mtoto apewe swali la kupeleka nyumbani, amwulize babu au bibi kwa Kisukuma, alete jibu. Ndivyo Kumbukumbu la Torati 6 inavyotaka: mafundisho yakae nyumbani na njiani. Yaliyomo katika makumbusho yamehifadhiwa vema, lakini chombo kilichohifadhiwa hakimuulizi mtoto swali. Mzee aliye hai humwuliza, na mchungaji aliyefika kwa saa yake pia.