Neno fidia

Tukuyu ya leo, fidia hutajwa zaidi shamba la mtu linapopisha barabara. Neno lilitoka Uarabuni na maana ya malipo ya kumkomboa mateka. Waislamu wamelihifadhi katika saumu: mzee asiyeweza kufunga hutoa fidia, yaani humlisha maskini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vililipa neno hilo uzito mwingine. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliuteka mji huu, uliokuwa ukiitwa Neu-Langenburg. Ujerumani iliposhindwa, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitwisha fidia, na mwaka 1921 ikatajiwa deni: mark za dhahabu bilioni 132. Ikakopa nje, hasa Marekani, ili iweze kulipa. Riba ya mwisho ya mikopo hiyo ililipwa Oktoba 2010.

Katika sehemu hiyohiyo ya fidia ya mkataba huo, kifungu cha 246 kiliiagiza Ujerumani ikabidhi kwa Uingereza fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe; lilifika Kalenga, Iringa, mwaka 1954.

Wapagazi wa Kinyakyusa, waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo, hawana kifungu. Kwa maana ya neno lenyewe, wao ndio waliostahili kutajwa kwanza.