Kocha Aliyehamia kwa Jirani

Kila kocha mkuu wa mpira wa Kimarekani anapokiacha chuo kimoja na kwenda kingine, hujitokeza wachambuzi wa kutuambia kwamba chuki ya mashabiki dhidi ya kocha aliyeondoka ni ugonjwa wa juzi tu. Eti umeletwa na mamilioni ya dola, mawakala na televisheni. Zamani kocha alikuwa mwalimu, akiaga anapewa mkono na baraka. Mfano wao ni ule ule siku zote: Nick Saban na mashabiki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, mjini Baton Rouge.

Anayetaka kulipima dai hilo asianzie kwa Saban. Aanzie kwa Paul Dietzel. Mzee huyo alichapisha kumbukumbu za maisha yake, *Call Me Coach*, mwaka 2008, tena kupitia shirika la uchapishaji la LSU yenyewe. Ni mwaka ule ule Saban aliporudi Baton Rouge akiwa na timu pinzani. Kelele za Saban zikakifunika kitabu, na sikioni kikitajwa katika mabishano haya.

Dietzel alikabidhiwa timu ya LSU mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 30. Kanuni za wakati huo zilibana ubadilishaji wa wachezaji, hivyo mtu yule yule alilazimika kushambulia na kulinda hadi pumzi imwishie. Dietzel akagawa kikosi katika makundi matatu: wa kwanza waliocheza pande zote, wa pili wa kushambulia, na wa tatu wa kuzuia tu. Hawa wa tatu hawakuwa na vipaji vikubwa, ila walikuwa na miguu mibichi na roho ngumu. Akawaita Majambazi wa Kichina, jina lililotokana na katuni za magazetini, ambalo leo lingemfikisha pabaya. Mji mzima ukawapenda kuliko nyota wenyewe. Mwaka 1958 LSU ilishinda mechi zote 11 na kuwa bingwa wa taifa.

Mwaka uliofuata, usiku wa Oktoba 31, Ole Miss ya Mississippi ilikuwa mbele kwa alama 3 kwa 0 katika robo ya mwisho. Billy Cannon akaudaka mpira uliodunda kwenye yadi ya 11 ya upande wake, mahali ambapo mchezaji mwenye busara angeuacha upite. Akakimbia yadi 89 akiwapangua waliomrukia mmoja baada ya mwingine. LSU ikashinda 7 kwa 3, na mwaka huo Cannon akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Ukiyajua hayo utaelewa Dietzel alikuwa nani kwa watu wale.

Januari 1962, siku chache baada ya kuifunga Colorado 25 kwa 7 katika Orange Bowl, akaondoka. West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, kilimtaka awe kocha wake wa kwanza kwa miongo mingi asiyekuwa mhitimu wa pale. Alikuwa amewahi kuwa msaidizi huko, na moyo wake ulibaki huko. Mkataba wake na LSU ulikuwa haujaisha, ikabidi aombe kuachiliwa. Hapakuwa na wakala wala mnada wa mamilioni. Hata hivyo Baton Rouge iliwaka hasira. Waliompenda sana ndio waliojiona wamefanywa wajinga.

Hasira hiyo iliishia wapi? Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kule jeshini Dietzel alishinda mechi 21, akapoteza 18 na kutoka sare moja, na katika miaka minne aliifunga Navy, chuo hasimu cha wanamaji, mara moja tu. Akahamia South Carolina, na mechi yake ya kwanza huko, Septemba 1966, ilimrudisha Baton Rouge. Akapigwa 28 kwa 12. Msimu ule timu yake ilishinda mechi moja tu. Mwaka 1978 LSU ikamwita arudi kuwa mkurugenzi wa michezo, na ni akiwa ofisini humo ndipo Charles McClendon, msaidizi wake wa zamani aliyemrithi na kushinda mechi 137, alipoonyeshwa mlango. Dietzel alifia Baton Rouge mwaka 2013. Alisamehewa kwa sababu kuondoka kwake hakukuwapunguzia chochote waliobaki.

Miaka ya 1980 na 1990 naiacha ipite. Ilikuwa na misimu sita mfululizo ya kushindwa kuliko kushinda, kuanzia 1989 hadi 1994. Mwishoni mwa 1999 LSU ikamchukua Saban kutoka Michigan State, tena kabla timu yake haijacheza mechi ya mwisho ya msimu. Kule Michigan watu walibaki wameduwaa, na Baton Rouge hakuna aliyewaombolezea. Januari 2004 akawaletea ubingwa kwa kuilaza Oklahoma 21 kwa 14, wa kwanza tangu ule wa Dietzel. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo akatangazwa kocha wa Miami Dolphins, klabu ya kulipwa. Iliuma, lakini ilimezeka.

Kilichogeuza uchungu kuwa uhasama ni Januari 2007. Wiki mbili tu baada ya kutamka hadharani kwamba hatakuwa kocha wa Alabama, akawa kocha wa Alabama, kwa mkataba wa dola milioni 32 kwa miaka minane. Alabama ni jirani, na LSU ilikuwa ikikutana nayo kila mwaka. Mashabiki wakabadilisha herufi moja ya jina lake likawa la Shetani. Aliporudi Novemba 2008, sanamu yake ilichomwa moto. LSU ikauzuia mkwaju wa Alabama dakika za mwisho, uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kisha ikafungwa 27 kwa 21 katika muda wa nyongeza.

Wanaosema ni fedha tu hawanishawishi. Les Miles, aliyemrithi Saban huko LSU, naye alitolewa Oklahoma State kwa mshahara mnono, akashinda ubingwa wa msimu wa 2007, na Louisiana ikampigia makofi. Wanaolalamikia ule uongo wa wiki mbili nawasikiliza zaidi kidogo. Lakini nadhani jeraha lenyewe ni vijana. Saban alipokuwa LSU alizunguka kila shule ya sekondari ya Louisiana, akawajua makocha na wazazi, kisha akayatumia yale aliyoyajua kuwapeleka vijana hao Alabama. Januari 2012 Landon Collins, kijana wa Geismar, alitangaza chaguo lake mbele ya kamera. Akasema Alabama. Mama yake aliyeketi ubavuni akatikisa kichwa na kusema wazi kwamba yeye anaitaka LSU. Siku chache baadaye, mjini New Orleans, Alabama iliishinda LSU 21 kwa 0 na kuchukua ubingwa. DeVonta Smith, mzaliwa wa Amite, alikwenda Baton Rouge Desemba 2020 akiwa na jezi ya Alabama, akafunga mara tatu katika ushindi wa 55 kwa 17, na kuondoka na Heisman ya msimu huo. Cannon wao alikuwa amevaa jezi ya jirani.

Saban alistaafu Januari 2024 akiwa na mataji saba, moja la LSU na sita ya Alabama. Novemba 2025 LSU, baada ya kumtimua kocha wake Brian Kelly, ikamchukua Lane Kiffin kutoka Ole Miss, timu yake ikiwa njiani kuingia mchujo wa ubingwa. Kiffin alitaka kuiongoza hadi mwisho. Ole Miss ikamkatalia na kumpa timu msaidizi wake, Pete Golding. Mashabiki walimzomea hadi uwanja wa ndege wa Oxford, mji wa Ole Miss. Uhasama huo bado ni mchanga. Utakomaa au kufa kulingana na LSU itafanya nini chini yake, na vijana wangapi wa Mississippi watavuka mpaka kumfuata.