Kabati la Faili Lililovunjwa
Chuma. Beverly Hills, California, Marekani, 1971

Tazama droo zilivyopinda. Usiku wa tarehe 3 Septemba 1971, watu waliotumwa na Ikulu ya Marekani walilivunja kabati hili la daktari wa akili wa Daniel Ellsberg, wakisaka siri za kumchafulia jina.

Kuanzia Oktoba 1969, Ellsberg, mchambuzi wa mambo ya vita, alitoa kwa siri nakala za ripoti ya Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, yenye kurasa zipatazo 7,000. Ripoti ilionyesha jinsi marais waliofuatana walivyowaficha wananchi ukweli kuhusu vita vya Vietnam. Aliifikisha kwa gazeti la New York Times, nalo lilianza kuichapisha tarehe 13 Juni 1971.

Kwa kitendo hicho Ellsberg alishtakiwa, na angeweza kufungwa miaka 115. Uvunjaji wa kabati hili ulipofichuka, jaji alifuta mashtaka yote, tarehe 11 Mei 1973. Ellsberg aliendelea kuandika dhidi ya usiri wa vita na silaha za nyuklia hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2023.

Kabati linahifadhiwa ili kila raia ajue: serikali inayoficha ukweli wa vita huishia kuvunja sheria zake yenyewe.