Wanafunzi waliokabidhiwa fedha za kweli

Mwaka 1945, wafamasia wawili wa Fort Worth, Texas, Robert Alexander na William Conner, walifungua duka la dawa na kuliita Alcon, jina walilolitoa kwenye silabi za mwanzo za majina yao. Duka likakua likawa kampuni kubwa ya dawa za macho, hisa zake zikauzwa sokoni. Mwaka 1973 Conner alitoa hisa za Alcon zenye thamani ya dola 600,000 hivi kwa Texas Christian University, chuo cha mji uleule. Tajiri mwingine angejenga ukumbi akaubandika jina lake. Conner alitaka wanafunzi wa biashara waziendeshe fedha hizo wenyewe: wachague cha kununua na cha kuuza, na faida au hasara iwe ya kweli.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Januari mwaka huo fahirisi ya Dow Jones ilikuwa imevuka pointi 1,050. Oktoba ikazuka vita Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, na kufikia Desemba 1974 fahirisi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya pointi 580. Vijana waliozoea kujibu maswali ya mtihani wakajikuta wameshika mali ya watu katika mporomoko mkubwa kuliko yote tangu miaka ya 1930. Mfuko ulivuka salama, na upo hadi leo.

Conner hakuwa wa kwanza. Huko Easton, Pennsylvania, wanafunzi wa Lafayette College walianzisha klabu yao ya uwekezaji mwaka 1946, nayo hujitambulisha kuwa kongwe kuliko zote nchini Marekani. Lakini klabu ya namna hiyo huanza na fedha kidogo. Kuwapa vijana wa miaka 20 mamia ya maelfu ya dola ni jambo jingine, na sheria ilikuwa na la kusema.

Mwaka 1830 mahakama kuu ya Massachusetts iliamua kesi ambayo mawakili wa Marekani wanaisoma mpaka sasa. Marehemu John McLean alikuwa ameacha dola 50,000 mikononi mwa wadhamini. Mjane wake apate mapato yake maisha yake yote, kisha mtaji ugawanywe kati ya Harvard na hospitali moja ya Boston. Wadhamini wakanunua hisa za viwanda na bima, thamani ikashuka, chuo kikawashtaki. Chuo kikashindwa. Jaji Samuel Putnam alisema mdhamini hawezi kudaiwa kwa kila hasara, kwa kuwa mtaji uko hatarini popote uwekwapo. Anachodaiwa ni busara ya mtu mwangalifu anayeshughulikia mambo yake mwenyewe. Tangu hapo, kila bodi ya chuo iliyofikiria kuwakabidhi wanafunzi sehemu ya wakfu wake ilibidi ijiulize kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaingia katika kundi la watu waangalifu.

Jibu lilipatikana katika utaratibu. Kila mwanafunzi hupewa sekta yake, mathalani benki, nishati au dawa. Huandika ripoti ya kampuni anayoipendekeza, husimama mbele ya wenzake wamchambue, kisha kura hupigwa. Mhadhiri huwepo, na akiwa mwerevu hunyamaza muda mwingi. Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye kuuza. Aliyeitetea hisa amehitimu, na waliorithi ubishi wake wanasitasita kuiacha hata ikioza.

Mwaka 1998 kuwakabidhi wanafunzi fedha za kweli kulichukua sura ya ajabu. Tennessee Valley Authority, shirika la umeme la serikali ya Marekani lililoundwa mwaka 1933, lina vinu vya nyuklia, na mwenye kinu hutakiwa kuweka akiba ya kukibomoa siku kitakapozimwa. Shirika likatenga sehemu ndogo ya akiba hiyo na kuigawa kwa timu za wanafunzi wa vyuo vya eneo lake. Idadi ya vyuo hivyo baadaye ikapita 20.

Mwaka huohuo, Aprili, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara kwa hisa za kampuni ya TOL. Soko hilo nalo lilikuja kuwa na shindano la uwekezaji kwa wanafunzi, kama lilivyo la Nairobi kwa vijana wa Kenya, ila fedha zake ni za kuigiza. Anayekosea hapo hesabu yake hufutwa shindano likiisha. Timu ya Tennessee ikikosea, kinu kitabomolewa vilevile, na pengo litajazwa kwa mapato ya umeme.