Siti Skani: Kutoka Cape Town ya 1956 hadi Nakuru

Ajaye Nakuru kwa barabara kuu itokayo Eldoret hupita Mau Summit, Sachangwan na Salgaa, majina ambayo wakazi wa Bonde la Ufa hawayataji ila kwa huzuni; kwani huko Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka lilishika moto na kuua watu zaidi ya 100, na katika miteremko hiyohiyo, mwaka baada ya mwaka, malori, matatu na bodaboda zimeiletea hospitali kuu ya Nakuru, ambayo wengi wangali wakiiita PGH kwa jina lake la zama za mikoa, majeruhi wa kichwa wasioweza hata kusema wao ni nani. Damu ikivuja ndani ya fuvu, jicho la tabibu haliioni, na eksirei ya kawaida, ionyeshayo mfupa uliovunjika, haiuonyeshi ubongo unaobanwa chini yake. Wazee wa mji wanakumbuka jinsi mgonjwa wa namna hiyo alivyopakiwa garini kupelekwa Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi, ili apigwe siti skani, huku damu ikiendelea kuvuja.

Asili ya mtambo wa siti skani ina kisa ambacho, kwa maoni yangu, hakijasimuliwa ipasavyo. Mwaka 1955, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, mwanafizikia wa hospitali aliacha kazi, na kwa kuwa sheria ya nchi haikuruhusu dawa zenye mionzi zitumiwe pasipo mwanafizikia kusimamia, chuo kikuu cha mji huo kiliombwa kuazima mtu. Aliyekwenda, mwaka 1956, alikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwalimu wa fizikia, ambaye wadhifa wake hapo, siku moja na nusu kwa juma, ulikuwa kuangalia kwamba tiba haigeuki kuwa dhara. Akiwa katika ulinzi huo aliona kwamba matabibu wa saratani walikadiria kipimo cha miali kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu cha namna moja, usio na mapafu wala mifupa. Na alipokaa kulitafutia jambo hilo hesabu, akapata kanuni ya kuchora mambo ya ndani ya mwili kwa miali ipitayo kutoka pande zote. Makala zake za 1963 na 1964 hazikupata wasomaji wengi. Lakini ilimu hiyo ilikuwa imekwisha kuchipuka, tena barani Afrika, kwa sababu sheria ilitaka mtu wa pili asimame kando ya daktari.

Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, asiyekuwa na habari za Cormack, aliujenga mtambo wenyewe, naye akasaidiwa na daktari James Ambrose wa hospitali ya Atkinson Morley, London, ambako tarehe 1 Oktoba 1971 mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni alipigwa picha ya kwanza. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya utabibu.

Neema hii ina gharama yake. Siti skani ya kichwa humpa mgonjwa mionzi ya kadiri ya milisiverti 2, na ya tumbo 8 hadi 10, ilhali eksirei ya kifua haizidi 0.1. Hatari ya picha moja ni ndogo, lakini huongezeka kila inaporudiwa, na mtoto huathirika kuliko mtu mzima. Kati ya 2008 na 2009, katika hospitali moja mashuhuri ya Los Angeles, wagonjwa zaidi ya 200 walipigwa picha za ubongo kwa kipimo kipatacho mara 8 ya kilichokusudiwa, kwa muda wa miezi 18, na hapana aliyetanabahi mpaka mgonjwa mmoja alipoleta habari kwamba nywele zimemtoka. Mtambo ulikuwa mzima. Ni mpangilio wake uliobadilishwa, na waliopita mbele yake kila siku hawakuuliza.

Kenya ilitunga sheria ya kinga dhidi ya mionzi mwaka 1982, na mwaka 2019 ikaweka mahali pake Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia. Februari 2015, jijini Nairobi, wataalamu wa picha za tiba wa Afrika walizindua kampeni ya AFROSAFE ya kuhimiza hadhari. Na mwezi huohuo serikali ilitia saini mikataba ya kukodisha vifaa vya tiba kwa hospitali za kaunti, siti skani zikaongezwa baadaye. Kamati ya Seneti, mwaka 2020, ilibainisha kwamba baadhi ya vifaa hivyo vilikaa bure kwa kukosa watu wa kuviendesha. Nami nasikitika, kwani mashine hupatikana kwa saini moja, bali radiografa, daktari msomaji wa picha na mwanafizikia wa tiba hufundishwa kwa miaka mingi.

Na hao wakiwapo, sharti wasemezane. Afisa wa kliniki aandikaye ombi hana budi kueleza anachokitafuta, kwa kuwa "kichwa kinauma" si sababu tosha. Muuguzi aulize habari za figo, mzio na mimba kabla dawa ya kung'arisha picha haijadungwa mshipani. Daktari wa picha aseme waziwazi pale altrasaundi inapofaa zaidi. Mwanafizikia aupime mtambo. Radiografa naye, ambaye ndiye wa mwisho kubonyeza kitufe, awe na ruhusa ya kusimamisha kazi na kumwuliza mkubwa wake bila kukemewa. Desturi ya mdogo kunyamaza mbele ya mkubwa, iliyorithiwa katika hospitali zetu nyingi, naiona kuwa hatari kubwa kuliko mionzi yenyewe.

Nawe msomaji, ukipewa karatasi ya siti skani, iwe Nakuru, Naivasha au Molo, chukua picha zako za zamani, sema kama u mja mzito, kisha umwulize aliyeiandika anatafuta nini ambacho kipimo kingine hakiwezi kumwonyesha.