Ruta mbili, mkongo mmoja

Wazo la njia ya akiba katika mtandao ni la kale kuliko ruta yenyewe. Mwaka 1964 Paul Baran wa shirika la RAND, Marekani, alichapisha ripoti kuhusu mawasiliano yanayoweza kustahimili shambulio la nyuklia. Hesabu zake zilionyesha kwamba kituo kikiunganishwa na majirani wachache tu, mtandao hubaki hai hata vituo vingi vikiharibiwa. Mwaka 1969 mashine ya IMP, babu wa ruta za leo, ilifungwa katika chuo kikuu cha UCLA. Laini moja ikifa, ilipeleka data kwa nyingine bila kungoja mtu.

Kilichosahaulika ni ardhi yenyewe. Desemba 1986 mtandao wa ARPANET, uliotokana na mashine hizo za IMP, ulikuwa na laini 7 za kuunganisha New England na sehemu nyingine za Marekani. Kwenye michoro zilikuwa 7. Chini ya ardhi zote zilipita ndani ya kebo moja ya faiba. Kebo hiyo ilipokatika kati ya Newark na White Plains, zote zilizimika kwa mpigo. Ruta zilikuwa nzima kabisa, ila hazikuwa na pa kupitisha kitu.

Maofisini tatizo lilianzia karibu zaidi. Kila kompyuta ilielekezwa kwa ruta moja tu, hivyo ruta hiyo ikifa, ofisi nzima ilikatika hata kama ruta ya pili ilikuwa imewashwa kando yake. Mwaka 1994 kampuni ya Cisco ilileta HSRP: ruta mbili hutumia anwani moja, moja ikifanya kazi na ya pili ikisikiliza. Ya kwanza ikinyamaza kwa sekunde 10, ya pili hushika zamu. VRRP, iliyotolewa mwaka 1998, iliwapa watengenezaji wengine njia ya kufanya hivyo hivyo.

Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa muda mrefu, na kwa bei zake laini ya pili ilikuwa anasa. Hali iligeuka mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, ukifuatwa na TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, na EASSy mwaka 2010. Ofisi zikaanza kununua faiba mbili na ruta yenye milango miwili ya nje. Bahari ikatoa funzo lile lile la New England. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, na Tanzania ikaumia sana. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifungwa kwa umma siku mbili. Mwenye mikataba na kampuni mbili za intaneti zinazotegemea mikongo hiyo hiyo alikuwa amelipia mara mbili njia moja.

Kwa hiyo kwa anayenunua ruta, kasi iliyoandikwa kwenye boksi si kigezo cha kwanza, tena mara nyingi hupimwa ulinzi wa mtandao ukiwa umezimwa. Muhimu zaidi ni ruta kupima laini hadi nje ya mtandao wa mtoa huduma, kwa kuwa taa ya ruta huweza kuwaka huku mkongo umekatika. Na kabla ya kusaini mkataba wa pili, mnunuzi adai kwa maandishi jina la mkongo unaobeba kila laini.